Habari za M. G. Vassanji, Mtaalamu wa Atomu Aliyeandika Hadithi ya Kilwa

Mji wa Kilwa umeandikwa na watu wengi, na wengi wao walikuwa wageni. Ibn Battuta aliufikia mwaka wa 1331 akausifu kwa uzuri wake. Vasco da Gama alifika mwaka wa 1502 akadai kodi, na mwaka wa 1505 Wareno wakarudi kwa mizinga. Habari za wafalme wa kisiwa ziliandikwa kwa Kiarabu katika karne hiyo hiyo, kisha João de Barros akazitia katika kitabu chake cha Kireno kilichopigwa chapa mwaka wa 1552. Katika siku zetu ametokea mwandishi mwingine wa Kilwa, naye si baharia wala msafiri wa kuhiji, bali ni mtu aliyesomea fizikia, yaani elimu ya nguvu na tabia za vitu, hata akapata shahada ya juu kabisa katika habari za kiini cha atomu. Mtu huyo ni Bwana M. G. Vassanji. Kwa kuwa vitabu vyake viko katika Kiingereza, watu wengi wa pwani ya Mgao hawajapata kusikia kwamba Kivinje yao inasomwa Toronto na London; nami nimeona si vibaya kueleza maisha yake na kazi yake, pamoja na kusema pale ambapo sikubaliani naye.

Moyez Gulamhussein Vassanji alizaliwa Nairobi tarehe 30 Mei 1950. Jamaa yake ni Wahindi wa madhehebu ya Ismailia, ambao watu wa pwani huwaita Makhoja, na asili yao ni nchi ya Gujarati. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, na mama yake akahama na watoto wake kwenda Dar es Salaam, akafungua duka la nguo ili kuwalea. Wakaishi upande wa Kariakoo. Jina hilo la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918, maana hapo ndipo palipokuwa kambi yao, na kwa Kiingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka kadiri ya ulimi wao. Karibu na hapo ilipita barabara ya Kichwele, ambayo baada ya mwaka wa 1961 iliitwa barabara ya Uhuru. Msomaji ayakumbuke majina haya, kwa kuwa yote mawili yamekuja kuwa majina ya vitabu.

Mtoto huyo alisoma katika shule za Aga Khan. Siku zile za ukoloni shule zilikuwa za namna tatu, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na kila kabila la watu lilimwona mwenzake kwa mbali, dukani au njiani. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa, na watoto wa namna zote wakaketi pamoja. Basi Vassanji ni mtu wa kizazi kile kilichoanza kusoma chini ya desturi moja na kumaliza chini ya desturi nyingine. Naona jambo hili limemfundisha zaidi kuliko vitabu vingi, maana katika hadithi zake mtu hukaa mlangoni siku zote, hayumo ndani kabisa wala hayuko nje.

Alikwenda Chuo Kikuu cha Nairobi kwa muda mfupi, kisha katika mwaka wa 1970 akapata msaada wa masomo akavuka bahari kwenda Marekani, katika chuo kikubwa cha ufundi na sayansi kiitwacho Massachusetts Institute of Technology. Alimaliza huko mwaka wa 1974. Akaendelea katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka wa 1978 akapewa shahada ya udaktari. Elimu yake ilikuwa ile ya kutafuta kwa hesabu jinsi chembe zilizomo katika kiini cha atomu, yaani protoni na neutroni, zinavyoshikana zisitawanyike. Ni kazi ya karatasi na kalamu na kufikiri kwa muda mrefu. Mwaka huo huo akahamia Kanada, akafanya kazi Chalk River, mahali penye mitambo ya utafiti wa nguvu za atomu, na mwaka wa 1980 akaenda Toronto kuwa mtafiti na mwalimu wa chuo kikuu hata mwaka wa 1989.

Pengine msomaji atashangaa kusikia kwamba mtu wa hesabu aligeuka kuwa mtunzi wa hadithi. Lakini katika pwani yetu jambo hili si geni kabisa. Marehemu Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, aliyezaliwa mwaka wa 1918, alianza kazi yake Unguja katika idara ya afya, mkaguzi wa usafi wa nyumba na visima, kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Na baadaye akamtunga Bwana Msa na kiko chake, mtu ambaye haamini habari ya mzimu mpaka aipime kwa dalili. Anayemfahamu Bwana Msa atakubali kwamba jicho la bwana afya limo ndani yake. Kwa Vassanji jicho la mwanachuoni wa fizikia halionekani upesi namna hiyo. Watu wake hawapimi vitu kwa mizani. Lakini katika kila hadithi kuna mtu mwenye chembe chache tu za habari, barua moja, shajara, jina lililoandikwa katika kitabu cha deni, naye kwa hizo anataka kuujua ukweli wote. Kisha anaona kwamba kadiri anavyokaza kutazama upande mmoja, upande wa pili unamponyoka.

Huko Toronto, mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye na mkewe Nurjehan Aziz walianzisha jarida la waandishi wenye asili ya Bara Hindi, na baadaye nyumba ya kuchapisha vitabu. Nyumba hiyo sasa inaitwa Mawenzi House, na hapana haja ya kumweleza Mtanzania Mawenzi ni nini. Mtu akikaa miaka mingi katika nchi ya theluji, kisha akaipa kazi ya mikono yake jina la kilele cha pili cha Kilimanjaro, amekwisha kujibu swali la kwao ni wapi, hata kama hati yake ya kusafiria inasema jingine.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1989, na jina lake ni The Gunny Sack, yaani Gunia. Hapa napenda kusimama kidogo kwa ajili ya wapenzi wa lugha. Neno letu gunia limetoka katika lugha za Bara Hindi, ambako husemwa goni. Na neno la Kiingereza gunny limetoka huko huko. Kwa hiyo mtu anayetafsiri jina la kitabu hiki kwa Kiswahili hatafsiri neno geni kabisa; anakutanisha ndugu wawili waliosafiri kwa vyombo tofauti. Ndivyo ilivyo kwa maneno mengi ya sokoni kwetu: duka, hundi, laki, gari, chapati. Hatukuyapata shuleni. Tuliyapata juu ya kaunta, kwa kununua kaniki na chumvi.

Katika hadithi hiyo kijana Salim Juma anarithi gunia la bibi mmoja wa ukoo, na ndani yake mna vitu vikuukuu, kila kimoja na kisa chake. Mkubwa wa ukoo, Dhanji Govindji, anatoka Gujarati, anafika Unguja, kisha anakwenda kufungua duka katika mji mdogo wa pwani. Anapewa mwanamke mtumwa, jina lake Bibi Taratibu, naye anamzalia mtoto wa kiume, Huseni. Baadaye analetewa mke wa kabila lake, na Bibi Taratibu anaondolewa nyumbani. Mtoto yule akikua anapotea, na baba anatumia mali yake, na mali ya watu wengine, katika kumtafuta.

Nimeona wasomaji wengine wakisifu kitabu hiki kwa rangi yake na vichekesho vyake. Mimi naona nguvu yake iko hapo pa Bibi Taratibu. Katikati ya karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuuzia watumwa katika pwani yote hii. Misafara ilitoka Nyasa na nchi za Wayao, na mali ya kuigharimia, yaani nguo, shanga na baruti, mara nyingi ilikopwa kwa wafanya biashara wa Kihindi. Soko la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, lakini biashara haikufa siku ile. Sisi watu wa bara ya Lindi tunajua habari hizi kwa njia nyingine, kwa maana mji wa misheni wa Masasi ulianzishwa mwaka wa 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, waliopandishwa kutoka bandari ya Lindi. Wajukuu wao walisimuliwa habari za jahazi na minyororo. Habari za duka hawakusimuliwa. Vassanji, ambaye ni mtoto wa duka, ameifungua daftari ya upande wake bila kulazimishwa na mtu, akaonyesha jina la mtumwa lililomo. Hilo si jambo dogo, na sijui waandishi wangapi wamefanya hivyo juu ya ukoo wao wenyewe.

Kitabu hicho kilipata tuzo ya nchi za Jumuiya ya Madola kwa upande wa Afrika mwaka wa 1990. Zikafuata hadithi fupi za Uhuru Street, zilizotoka mwaka wa 1992, na mwaka wa 1994 kikatoka The Book of Secrets, Kitabu cha Siri. Ndani yake mwalimu mzee wa Kigoa aliyestaafu Dar es Salaam, Pius Fernandes, anapewa shajara ya mtawala wa Kiingereza aliyekuwa mpakani mwaka wa 1913, naye anajitahidi kugundua mtoto wa mwanamke fulani alizaliwa na nani. Shajara haimwambii. Kwa kitabu hicho Vassanji alipewa Tuzo ya Giller ya Kanada, nayo ndiyo kwanza ilianzishwa mwaka huo; akaipata tena mwaka wa 2003 kwa riwaya ya Vikram Lall, inayohusu Kenya, reli, Mau Mau na rushwa ya baada ya uhuru. Hakuna aliyewahi kuipata mara mbili kabla yake. Ameandika pia juu ya Bara Hindi, na kitabu chake cha safari za huko kilipata tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada mwaka wa 2009. Sitakawia katika vitabu hivyo, kwani kinachotuhusu zaidi ni kile cha mwaka wa 2012.

Jina lake ni The Magic of Saida. Kamal Punja amezaliwa Kilwa. Mama yake ni Mwafrika, Hamida, na baba yake ni Mhindi aliyekwenda zake asirudi. Anakua na msichana Saida, mjukuu wa mshairi mzee, Mzee Omari, anayetunga utenzi wa habari za kuja kwa Wadachi. Siku moja mama yake anamwondosha mtoto, anampeleka Dar es Salaam kwa jamaa za baba yake, akafanywe Mhindi na kupata elimu. Kamal anasoma udaktari Makerere, kisha Idi Amin anawafukuza Waasia mwaka wa 1972, naye anakwenda Kanada, anakuwa tabibu mwenye mali. Baada ya miaka zaidi ya thelathini anarudi Kilwa kumtafuta Saida, kwa sababu alimwahidi kwamba atarudi.

Kila mtu wa Kivinje atatambua ardhi anayokanyaga tabibu huyu. Mwembe Kinyonga upo katika kumbukumbu za mji, mti walioning'inizwa Hassan bin Omari Makunganya na wenzake mwaka wa 1895 kwa kuwapinga Wadachi. Vita ya Maji Maji ilianza katika wilaya hiyo hiyo, kule Nandete katika vilima vya Wamatumbi, watu walipong'oa mashina ya pamba mwezi wa Julai 1905. Na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mwenye dawa ya maji, alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Mzee Omari mwenyewe ni mtu wa kutungwa, lakini washairi wa namna yake walikuwapo kweli. Lindi alikuwako Abdul Karim bin Jamaliddini aliyetunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, nao ulichapishwa na Whiteley mwaka wa 1957. Kwa hiyo mwandishi hakuokota mshairi wake hewani.

Vita ile inasimuliwa kwa namna nyingi. Katika misheni zetu tulifundishwa zaidi habari za mwezi wa Agosti 1905, jinsi Askofu Cassian Spiss na wenzake walivyouawa njiani wakielekea Liwale, na jinsi Masasi, Nyangao na Lukuledi zilivyochomwa moto. Wamatumbi walisimuliana habari za pamba na viboko na njaa iliyofuata, ambayo iliua watu wengi kuliko risasi. Vassanji ameongeza la tatu: mashaka ya mtunzi anayeandika chini ya bendera ya mshindi. Je, mshairi aliyesifu dola ngeni kwa kalamu yake alikuwa mnafiki, au alikuwa mtu aliyetaka kuishi? Mzee Omari hana raha na swali hilo, wala mwandishi hamjibii. Hapa ndipo kitabu kinapomgusa kila mtu aliyefundishwa kusoma na wageni na kupata mkate wake kwa kusoma huko. Mimi nimo katika hesabu hiyo, wala sioni aibu. Lakini swali ni la haki.

Sasa niseme yale nisiyokubali. Kwanza, Kilwa ya kitabu hiki imejaa mno waganga, majini na madawa, hata tabibu msomi anaishia kitandani hospitalini Dar es Salaam, akili imevurugika. Najua mambo hayo yapo, na ni nani wa pwani asiyejua? Lakini Kilwa ina pia wavuvi wanaotengeneza nyavu, walimu wanaosahihisha madaftari, akina mama wanaokwenda kliniki, na vijana wanaobishana habari za mpira. Mtu akiondoka mahali angali mtoto, mahali hapo humgandia katika hofu za utotoni, na huenda mwandishi alikusudia tuuone mji kwa macho ya Kamal tu. Hata hivyo msomaji wa mbali, asiye na Kilwa nyingine ya kulinganisha, atadhani ndiyo yote.

Pili, na hili ni zito zaidi: wanawake wa Kiafrika katika vitabu hivi huzaa, hulea, hutoa watoto wao, kisha hunyamaza. Bibi Taratibu ananyamaza. Hamida anampakia mwanawe akaenda zake, nasi hatuambiwi vya kutosha alirudije nyumbani jioni ile. Saida mwenyewe anatafutwa kitabu kizima. Safari ni ya yule aliyeondoka. Aliyebaki ni mahali pa kurudia. Ningependa siku moja binti wa Kivinje aandike hadithi hiyo hiyo kutoka barazani, kwa Kiswahili, akianza na asubuhi baada ya gari kuondoka.

Wako wasemao kwamba Vassanji si wetu, kwa kuwa anaandika Kiingereza na anakaa Kanada. Hoja hiyo ikishikwa sana, itatupasa kuwatoa wengi. Habari za kale za Kilwa ziliandikwa kwa Kiarabu, nasi hatuziiti za kigeni. Zaidi ya hayo, katika habari hizo hizo imeelezwa kwamba sultani wa kwanza alikinunua kisiwa kwa nguo iliyotosha kukizunguka. Mji ulioanza kwa biashara ya nguo haustahili kumshangaa mtoto wa muuza nguo. Mwaka wa 2014 aliandika kwa jina lake mwenyewe safari zake za Afrika Mashariki, na kitabu akakiita And Home Was Kariakoo. Humo amefika Kilwa kwa miguu yake, si kwa miguu ya Kamal, naye ni mtazamaji mtulivu zaidi, anayeuliza njia na kusikiliza wenyeji. Kwa mtu anayetaka kumjua Vassanji, ningeshauri aanze hapo.

Sayansi nayo hakuiacha. Mwaka wa 2016 alitoa riwaya ya nyakati zijazo, ambamo watu hufutiwa kumbukumbu zao na kupewa nyingine. Na mwaka wa 2023 alitoa Everything There Is, juu ya mtaalamu wa fizikia kutoka Pakistani anayefanya kazi London, ambaye msomaji atatambua ndani yake sura ya Abdus Salam, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1979. Mzunguko wa miaka arobaini na mitano tangu Pennsylvania umemrudisha kwenye chembe zile zile.

Limebaki jambo moja la lugha. Ikiwa mtu atapenda kukitia kitabu cha Saida katika Kiswahili, ataanza kazi yake kwa kukwama katika neno la kwanza. Kiingereza kinasema magic, nacho kimetosheka. Sisi tuna uchawi, na huo ni wa kudhuru. Tuna uganga, na huo ni wa kuponya, ingawa mkono unaweza kuwa ule ule. Tuna kiinimacho na mazingaombwe, nayo ni michezo ya kudanganya macho. Na kwa mwanamke anayevuta moyo wa mtu kwa miaka thelathini na zaidi tuna haiba. Kuandika Uchawi wa Saida ni kumhukumu binti wa watu kabla ya ukurasa wa kwanza. Haiba ya Saida ni jina la wimbo wa taarabu, na linaacha nje dawa aliyoinywa Kamal. Mimi ningechukua Uganga wa Saida, kwa sababu aliyekuja kutafuta tiba ni tabibu mwenyewe, na kwa sababu watu wa Kilwa, wakiona jina hilo dukani, watauliza mara moja: anamganga nani?